Alama za bure si haki

Kosa likigundulika kwenye mtihani wa hesabu baada ya karatasi kukusanywa, mjadala katika ofisi ya walimu huwa mfupi. Swali la 13 halijibiki. Mwalimu wa taaluma anauliza tufanyeje, na mtu anajibu kabla hajamaliza kuuliza: wape wote alama zake, mambo yaishe. Wanafunzi wanashangilia, wazazi hawana la kulalamikia, aliyetunga swali anashusha pumzi. Kila mtoto kapata sawa na mwenzake, kwa hiyo haki imetendeka. Ndivyo tunavyoamini, kuanzia shule ya kata hadi shule ya ada ya mamilioni.

Imani hiyo ni potofu, na inaumiza watoto walewale tunaodhani tumewafidia.

Tutazame swali lenyewe. Mwanahisabati Mrusi Vladimir Arnold alikuwa akisimulia swali la mtihani wa Marekani ambalo mwalimu yeyote wa hesabu anaweza kulitunga usiku akiwa amechoka. Pembetatu mraba ina upande mrefu wa sentimita 10 (nimeliweka katika vipimo vyetu). Kimo kutoka kona ya pembe mraba hadi upande huo ni sentimita 6. Tafuta eneo. Nusu ya 10 mara 6 ni 30, mwongozo wa kusahihishia unasema 30, tiki inapigwa. Lakini pembetatu hiyo haipo duniani. Chora nusu duara ukiufanya ule upande wa sentimita 10 kuwa kipenyo. Kona ya pembe mraba lazima ikae juu ya nusu duara hiyo, na hakuna nukta yake hata moja iliyo mbali na kipenyo kwa zaidi ya sentimita 5. Kimo cha 6 hakiwezekani.

Sasa fikiria darasa la Kidato cha Nne lililokutana na swali hilo. Mmoja kaandika 30 na kusonga mbele. Wa pili kaliacha wazi kwa sababu maumbo hayajui kabisa. Wa tatu kachora, kakuta mchoro haukubali, kafuta, kachora tena, mwisho kaandika kwa penseli kwamba vipimo vimegongana, na muda ukamwishia maswali mawili yakiwa hayajaguswa. Huyu wa tatu ndiye aliyefanya hesabu. Ukitangaza alama za bure, umemlinganisha na yule aliyeacha ukurasa mweupe, na maswali yake mawili yamepotea moja kwa moja. Usawa gani huu?

Weka tarakimu uone. Mtihani wa Basic Mathematics wa Kidato cha Nne una alama 100 kwa saa 3: maswali kumi ya alama 6 sehemu A, na manne ya alama 10 sehemu B. Mitihani yetu ya utamilifu inaiga mpangilio huohuo. Swali la alama 10 lina haki ya dakika 18. Chukua swali moja la sehemu B lililoharibika. Mwanafunzi aliyepata 20 kati ya 90 zilizobaki akipewa 10 za bure anafika 30, na 30 ndiyo mlango wa daraja D. Jana alikuwa F. Kama ungelifuta swali na kupiga asilimia upya, angekuwa na 22. Mwenye 81 kati ya 90 anakwenda 91. Kwa asilimia angepata 90. Kwa hiyo zawadi ileile imempandisha mmoja alama 8 hivi, na mwingine alama 1. Tena yule wa D anarudi nyumbani akiamini amefaulu hesabu, mzazi anaacha kutafuta mwalimu wa kumsaidia, na Novemba mtihani wa taifa unamkuta palepale.

Wengine wanasema basi tulifute na kupiga asilimia, yaishe. Ni afadhali, lakini kulifuta bado hakurudishi muda. Mwaka 2011 huko Uingereza bodi ya mitihani ya OCR ilitoa karatasi ya hesabu yenye swali la kutafuta njia fupi lililokuwa na kosa lililolifanya lisijibike. Swali lilikuwa na alama 8 kati ya 72, mtihani ni wa dakika 90, na watahiniwa walikaribia 7,000. Kwa mgawanyo wa muda, swali hilo lilistahili dakika 10. Mtoto makini hakai dakika 10 kwenye swali linalokataa kutoka. Anaamini kosa ni lake. Anarudia tangu mwanzo, anakagua kujumlisha, anaona aibu kuliruka kwa sababu anajua mada hiyo ameisoma vizuri. Kadiri anavyojiamini katika mada, ndivyo swali bovu linavyomnyonya zaidi. Hasara yake haionekani kwenye swali lile, inaonekana kwenye maswali yaliyofuata, na huko hakuna anayekwenda kutazama.

Kuna uonevu mwingine unaofanyika mtihani ukiwa unaendelea, na tumeuzoea mno. Mwalimu anagundua kosa, anazunguka mikondo na chaki. Mkondo A wanapata masahihisho dakika ya kumi na tano. Mkondo D wanayapata saa moja baadaye, wengi wakiwa wamekwisha kulihangaikia na kulikata kwa mistari miwili. Halafu karatasi zote zinasahihishwa kana kwamba walifanya mtihani mmoja. Ni kazi ndogo sana kuandika ubaoni saa kamili ambayo masahihisho yametolewa, kuwaongezea waliocheleweshwa muda uleule walioupoteza, na kumpa msahihishaji orodha hiyo.

Kosa lenyewe halinisumbui. Mwalimu mwenye mikondo minne anayetunga mtihani kwa simu usiku wa manane atakosea, na kosa moja haliachi mke. Linalonikera ni kulifunika kwa alama ili lisizungumzwe.

Wakubwa kuliko sisi wamewahi kukosea hadharani. Oktoba 1980 mtihani wa PSAT nchini Marekani uliuliza hivi: piramidi mbili, moja yenye kitako cha pembetatu na nyingine yenye kitako cha mraba, pembetatu zake zote zikiwa na pande sawa, zikigandishwa uso kwa uso, zitabaki nyuso ngapi? Jibu rasmi lilikuwa 7, yaani 4 jumlisha 5 toa 2 zilizofichika. Kijana wa miaka 17 wa Cocoa Beach, Florida, Daniel Lowen, alijibu 5, akatengeneza umbo lenyewe na kuthibitisha: nyuso mbili za piramidi moja zinalala kwenye bapa moja na mbili za nyingine na kuwa nyuso mbili tu. Machi 1981 waandaaji walikiri, wakarudi kwenye majibu, na alama zipatazo 240,000 zikapandishwa. Kabla miaka miwili haijatimia tangu mtihani ule, kwenye mtihani wa SAT wa Mei 1982, swali la idadi ya mizunguko ya duara linalobingirika kuzunguka duara lingine lenye nusu kipenyo mara tatu ya lake halikuwa na jibu sahihi, 4, miongoni mwa majibu matano ya kuchagua. Wanafunzi watatu waliandika kulalamika. Pale hapakuwa na jibu la kuokoa, swali likafutwa kwa wote. Kosa la kwanza na la pili ni makosa mawili tofauti, na kila moja lilitaka tiba yake. Sisi tuna dawa moja kwa kila ugonjwa.

Jibu la mwongozo likiwa ndilo lililokosewa, swali ni zima: sahihisha upya, mwenye jibu sahihi apate haki yake. Swali likisomeka kwa maana mbili, pokea zote mbili. Likiwa haliwezekani, soma kazi ya kila mtoto: aliyeonyesha mgongano apewe alama zote, aliyetumia njia sahihi apewe alama za njia, aliyeacha wazi swali hilo litolewe kwenye jumla yake, na hakuna atakayeshuka chini ya asilimia aliyoipata kwenye maswali mengine. Kisha angalia kama karatasi inaonyesha mtoto amezama pale na kuacha maswali ya mbele. Huyo mwite, mpe maswali mbadala ya mada zilezile, dakika alizostahili, wiki hiyohiyo.

Nitaambiwa darasa lina watoto 90 na mwalimu ni mmoja. Najua. Lakini hakuna anayeombwa kusahihisha upya mtihani mzima. Ni swali moja, na karatasi chache zilizoachwa nafasi mwishoni. Nitaambiwa pia kwamba mwalimu akikiri atadharauliwa. Watoto waliokuwa kwenye chumba cha mtihani wanajua tayari swali lilikuwa bovu; wanachosubiri ni kuona kama mwalimu wao atasema. Hesabu ni somo ambalo mtoto anaweza kumwonyesha mtu mzima, kwa rula na penseli, kwamba alichosema si kweli. Tukimlipa alama za bure ili anyamaze, tumemfundisha kwamba uthibitisho wake hauna uzito.

Walimu wakuu, andikeni sheria hii sasa, kabla ya mtihani wa muhula. Nusu ukurasa unatosha: nani apokee taarifa ya kosa, nani asome upya, mwanafunzi akate rufaa kwa nani na kwa siku ngapi. Walimu wote wa hesabu waisaini, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ambako wanafunzi wataisoma.