Sukari Haitibu Malaria

Mpwa wangu alikuwa na miaka minne alipougua malaria kule kijijini kwetu, nje ya Kisumu. Mgeni mmoja, mzungu mwenye roho nzuri, akampa dada yangu kichupa cha vidonge vyeupe. Ati havina kemikali, vinatibu mwili na roho pamoja. Vilikuwa vitamu, mtoto akavipenda. Siku ya pili usiku tulimbeba hospitalini akiwa na degedege. Alipona kwa sindano, si kwa vile vidonge.

Tangu hapo nimemsoma sana aliyeanzisha tiba hiyo, Samuel Hahnemann, mzaliwa wa Meissen, Ujerumani, 1755. Na niseme ukweli, nusu yake naipenda. Alianza udaktari katika vijiji na miji midogo kama Hettstedt na Gommern, enzi ambazo madaktari waliwatoa wagonjwa damu na kuwanywesha zebaki. Alipoona tiba hizo zinaumiza, aliacha kazi akaishi kwa kutafsiri vitabu. Aliporudi, alimuuliza mgonjwa analalaje, anaota nini, anaogopa nini, akayaandika yote. Sisi hapa tunapanga foleni tangu alfajiri, na daktari anaandika dawa kabla hujamaliza kusema panapouma.

Sasa nusu ya pili. Mwaka 1790, akitafsiri kitabu cha Mskoti William Cullen, Hahnemann alijaribu kula magome ya mkwinini akiwa mzima, akahisi dalili kama za homa. Baadaye akashikilia kwamba kinachomuuguza mzima ndicho kinachomponya mgonjwa. La hasha! Kwinini hutibu malaria kwa kuua vimelea, ambavyo Alphonse Laveran aliviona kwa hadubini mwaka 1880, miaka 37 baada ya Hahnemann kufa. Yeye hakujua, namsamehe. Wewe unayejua, nikusamehe kwa lipi?

Dawa zake nyingi huzimuliwa moja kwa mia, mara 30 mfululizo. Ukifika hapo hata chembe ya dawa haijabaki. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya zisitumiwe kutibu malaria, kifua kikuu wala UKIMWI.

Utaniambia mbona Wajerumani wanazimeza na hawafi. Mjerumani mwenye mafua atapona hata akinywa maji matupu. Malaria haimpi mtoto nafasi hiyo.

Wala usiseme nadharau miti shamba. Kwinini ni gome la mti. Artemisinin, inayotibu malaria leo, ilitoka kwenye mmea wa Uchina, ikapimwa, ikathibitishwa. Hicho tu ndicho ninachodai: pima kwanza, ndipo umpe mtoto wa dada yangu.

Kwa hiyo, wenye huruma, mkija kwetu leteni ile subira ya Hahnemann ya kumsikiliza mgonjwa. Hiyo tunaihitaji sana, hospitali zetu zote. Vidonge acheni kwenu.