Miji Mikuu ya Kale Isiachwe Ipotee

Kyoto ilikuwa makao ya wafalme wa Japani tangu mwaka 794 hadi karne ya 19. Mitaa yake ya kale ni ya nyumba na mahekalu ya mbao. Hekalu mashuhuri la Kinkaku-ji liliteketea kwa moto mwaka 1950. Kufikia mwaka 1955 lilikwisha kujengwa upya. Wajapani hawakutoa udhuru kwamba mbao hazidumu.

Somo hilo linawahusu wananchi wa Bariadi. Kabla mji huo haujawa makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, nchi hiyo ilikuwa na miji yake mikuu, yaani ikulu za watemi wa Ntuzu, Itilima na Kanadi. Utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na ilikuwa haki, kwani Taifa huru haliongozwi kwa kurithishana. Lakini kufuta utawala si kufuta historia.

Miti na nyasi za ikulu hizo haziwezi kungojea vikao. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1963 amekwisha kupita 70. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yamehifadhi ngoma za watemi. Lakini mahali penyewe hapahamishiki. Ni wajibu wa walimu kuwapeleka wanafunzi huko pamoja na wazee, waonyeshwe lilipokaa baraza, waandike. Gharama yake ni daftari na kalamu. Mzee akishazikwa, hakuna fedha itakayolinunua simulizi lake.