Usisaini Nyumba Kabla ya Kusoma Ratiba ya Jumapili

Wauguzi wapya na wanafunzi wanaokuja kaskazini mwa Uingereza huniuliza: "Dada, nipange mjini kwa kodi kubwa, au mji mdogo wenye stesheni?" Mji mdogo una raha yake, lakini kuwa na stesheni hakutoshi. Uliza treni zake zinapita saa ngapi.

Chukua mfano wa Hexham, huko Northumberland. Stesheni yake ilifunguliwa mwaka 1835 na iko kwenye reli ya Newcastle hadi Carlisle. Kufika Newcastle ni chini ya saa moja, na siku za kazi mchana treni hazisumbui. Shida huja alfajiri, usiku na Jumapili, na sisi wauguzi ndizo saa zetu hizo. Zamu nyingi za mchana huanza kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, zikaisha usiku. Jumapili, treni za miji midogo mara nyingi huchelewa kuanza, na reli ikiwa kwenye matengenezo utapandishwa basi. Ukikosa treni ya mwisho, nauli ya teksi inaweza kumeza sehemu kubwa ya ujira wa siku. Hapo ile nafuu ya kodi imekwisha.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, fungua tovuti ya National Rail na uweke tarehe ya Jumapili. Anza na treni ya kurudi, ndipo utafute ya kwenda. Ratiba hubadilishwa Mei na Desemba, basi usitegemee picha ya zamani uliyotumiwa WhatsApp. Na angalia saa zao: 19:30 ni saa moja na nusu jioni kwetu, 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. Wazazi wakija kuwatembelea, waandikieni zote mbili.

Mwanafunzi wa miaka 16 hadi 25 akate kadi ya reli. Hupunguza theluthi moja ya nauli nyingi, ingawa asubuhi za siku za kazi ina masharti. Wenye watoto, ipo kadi ya familia. Mtoto wa chini ya miaka 5 hasafiri kwa tiketi.

Mlioko miji midogo, tuandikieni: treni yenu ya mwisho Jumapili ni saa ngapi? Safari njema.