Chuma cha Jeshi Hakijui Kusimama

Upo usemi unaopendwa sana na wenye matela katika mashamba ya mkonge, nao ni huu: "Hiki ni chuma cha jeshi." Ukiuliza kama tela litahimili tani kumi, utajibiwa hivyo. Ukiuliza habari ya breki, utajibiwa hivyo hivyo. Hapa Ngombezi nimeusikia usemi huu mpaka nikauchoka, na katika kurasa hizi nakusudia kuupinga. Siupingi kwa kuwa ni uongo. Naupinga kwa kuwa ni nusu ya ukweli, na ile nusu iliyoachwa ndiyo inayoua.

Kwanza nieleweke. Mimi si mmoja wa wale wanaodharau tela lililoundwa gereji kutokana na chesisi ya lori la jeshi lililochakaa. Wapo waungwana ambao kwao chombo kisichoshushwa melini si chombo. Wakiona mafundi wetu wanakata, wanapima na kuchomelea, hucheka na kusema hayo ni makorokoro. Watu hao hawaujui mkonge. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vingine vimeundwa chini ya mwembe.

Msomaji asiyeujua mkonge na afikiri hesabu hii. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, singa kavu zinazopatikana ni kilo nne hivi tu. Zilizobaki ni maji na makapi. Tena majani yakishakatwa hayangoji. Yasipofikishwa korona upesi yanakauka, na singa zake zinakuwa ngumu kusafishika. Kwa hiyo mlimaji wa mkonge kazi yake kubwa, apende asipende, ni kuchukuza maji. Zamani mzigo huo ulikuwa wa meneja na kampuni. Lakini tangu wakulima wadogo walipoingizwa katika mashamba ya Ngombezi, Magunga, Hale, Magoma na Mwelya, gharama ya usafiri imekuwa ikiwagusa watu ambao hawana fedha za kuagiza tela jipya kutoka ng'ambo. Kwa watu hao chesisi kuukuu ya jeshi si aibu hata kidogo. Ni akili.

Wala si jambo geni kwetu kwamba zana za vita na zana za shamba hubadilishana nyumba. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitandika reli nyembamba ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni, wapate kupeleka shehena kusini mwa reli ya Tanga. Reli za namna hiyo, za kusukumia vitoroli, zilikuwa zimekwisha zoeleka mashambani. Vitoroli vile vilisukumwa kwa mikono ya watu weusi, na mwezi Juni 1916 majeshi ya Uingereza yaliifuata njia ile ile mpaka yakaitwaa Handeni. Ikiwa wakati ule chombo cha shamba kilikwenda vitani, kuna ubaya gani leo chombo cha vita kikija shambani? Mimi sioni ubaya wowote.

Ubaya ninaouona ni mwingine. Ni kuamini kwamba chuma kilichofaa vitani lazima kifae kila mahali. Imani hiyo nayo ina historia, na historia yake imo humu humu nchini. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha juzi tu, matrekta mapya hayakutosha, basi kampuni ya Vickers ikavichukua vifaru aina ya Sherman, ikaviondoa silaha na kuvigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Nani angethubutu kusema kifaru ni dhaifu? Kifaru kilichostahimili mizinga kingeshindwaje na vichaka vya Ugogo? Kilishindwa. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, mchanga wake husaga chuma, na mvua zake hazitabiriki. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na walipa kodi wa Uingereza wakawa wamepoteza pauni milioni 36 hivi. Chuma hakikukosa nguvu. Kilikosa kufaa kwa kazi kiliyopewa. Nguvu ya mamba ni maji, na wazee wetu hawakuhitaji pauni milioni 36 kulifahamu hilo.

Sasa turudi kwenye tela letu. Lori la jeshi ni chombo kizima kilichofikiriwa pamoja: injini, ekseli, springi, chesisi na breki. Siku fundi anapolikata na kuondoa injini, gia na ekseli ya mbele, kilichobaki si lori la jeshi tena. Ni vyuma vilivyokuwa vya lori la jeshi. Hapo ndipo wenye matela wanapojidanganya, nami nitataja mambo matatu.

La kwanza ni chesisi yenyewe. Lori la jeshi linapouzwa, aghalabu limekwisha fanya kazi ya miaka mingi katika makorongo. Nyufa huanzia kwenye matundu ya ribiti na mahali springi zinaposhikwa, nazo hujificha chini ya rangi na grisi. Kuzifichua hakuhitaji mashine ya gharama. Sugua chuma kwa brashi ya waya, kipake mafuta ya taa, kifute kikauke, kisha nyunyizia vumbi la chaki. Palipo na ufa mafuta yatachomoza tena na kuilowesha chaki. Ni kazi ya asubuhi moja. Ni wangapi wanaoifanya?

La pili ni kuchomelea. Chesisi ya lori la porini imekusudiwa ijipinde kidogo gurudumu moja linapoingia shimoni. Ukiifunga bodi nzito ya chuma kwa kuichomelea kuanzia mwanzo hadi mwisho, umeizuia isijipinde, nayo italipiza kisasi kwa kupasuka pale mstari wa kuchomelea unapoishia. Isitoshe, vyuma vingine vya chesisi vimepata ugumu wake kwa kupashwa moto kiwandani kwa kipimo. Moto wa fundi usio na kipimo huuondoa ugumu huo. Ndiyo maana fundi mwenye kuijua kazi hufunga kwa bolti ubavuni mwa boriti, wala hatoboi ovyo kingo zake za juu na za chini, maana huko ndiko mkazo uliko mkubwa.

La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni breki. Malori mengi makubwa ya jeshi husimama kwa nguvu ya upepo, na upepo huo hupatikana kwa pampu inayozungushwa na injini. Ukiiondoa injini, umeiondoa na pampu. Ngoma za breki zitabaki zimening'inia kwenye magurudumu, mtu apite azione, aseme, "Naam, breki zipo." Hazipo. Zimekatwa pumzi. Na trekta nyingi za shamba hazina pampu ya upepo ya kulilisha tela. Basi trekta la tani tatu hufungiwa tela la tani kumi lisiloweza kujizuia, likaambiwa literemke mlima.

Mwendo wa chombo ukizidi mara mbili, kazi ya kukisimamisha huzidi mara nne. Hesabu hii haijui cha jeshi wala cha raia. Tena hapa uzito wa chuma cha jeshi, ule unaosifiwa, ndio unaogeuka adui: kila kilo ya chesisi ni kilo inayomsukuma dereva kwa nyuma. Tela likishalishinda trekta, hulizungusha kutoka nyuma na kulipindua. Juu ya mzigo wamekaa wakataji waliochoka, wanaorudi nyumbani. Nyuma amening'inia utingo. Na wakiingia barabara kuu ya Korogwe usiku bila taa wala kiakisi mwanga, abiria wa basi liendalo Arusha naye huingizwa katika hesabu asiyoijua.

Nimewahi kumsikia mwenye tela mmoja akimwambia fundi wake, "Fundi, wewe funga bodi, breki tutaona mbele ya safari." Simtaji, maana hayuko peke yake. Hoja za wenzake nazijua. Husema trekta huenda polepole. Ni kweli, kwenye tambarare. Mteremko haumuulizi dereva anataka mwendo gani. Husema breki ni ghali. Je, bodi iliyopakwa rangi mbili na kuandikwa methali si ghali? Fedha ya rangi ilipatikana, fedha ya pampu na mipira ya upepo ndiyo iliyokosekana. Husema pia kwamba miaka yote wamefanya hivyo na hakuna lililotokea. Anayesema hivyo daima ni yule ambaye bado halijamtokea. Waliotokewa hawana nafasi ya kuchangia mjadala.

Wala wasituambie kwamba ujuzi haupo. Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu 1973, na SIDO tunayo tangu mwaka huo huo. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kule Kibaha kipo kituo cha Nyumbu, kilicho chini ya jeshi lenyewe, ambako Watanzania wameunda malori kwa mikono yao. Kama nchi imeweza kuunda lori, haishindwi kulitia tela breki.

Ninachodai si kikubwa. Mwenye tela asilipe fundi mpaka tela limepakiwa mzigo kamili na kusimamishwa kwenye mteremko mbele ya macho yake. Trekta lisilo na pampu ya upepo lifungwe pampu, au tela lipewe breki zinazotumia mafuta ya haidroliki ya trekta, zikamate magurudumu yote na si mawili. Breki ya mkono iwepo, na magogo ya kukingia magurudumu yawepo. Taa za nyuma na viakisi vifungwe kabla ya rangi. Na mtu asipandishwe juu ya majani, hata kama anaomba mwenyewe kwa kuwa kachoka. Usafiri wa wafanyakazi ni deni la mwajiri, si hisani ya utingo. Chama cha wakulima kinachokodi matela kina haki ya kuyakataa yasiyotimiza haya. Wakulima wakiyakataa kwa umoja, hayatatengenezwa tena.

Najua nitaambiwa nawakatisha tamaa mafundi. Kinyume chake, nawatetea. Tela moja la gereji likiua, waungwana wale niliowataja hupata la kusema, na kazi ya mafundi wote huitwa makorokoro. Fundi anayefunga breki analinda jina la wenzake, na tajiri anayemkataza ndiye anayelichafua.

Basi tuache kusifia chuma kwa mahali kilikotoka. Jeshi lilikitumia kikaisha, likakiuza. Thamani yake mpya anaipa fundi, na kipimo chake si tani ngapi kinabeba. Mtu akikuonyesha tela lake na kukuambia ni chuma cha jeshi, mpongeze, kisha mwombe alipakie mzigo, alipeleke mteremkoni, na alisimamishe.