Barua ya rufaa pekee haitibu

Mama aliyerejea Rubongi na kuanza kuchuuza Malaba huvuja damu ilhali hedhi ilikoma zamani. Daktari humpa barua ya rufaa kwa mtaalamu. Huyo huingiza kijibomba chenye kamera hadi mfuko wa uzazi, bila kupasua tumbo, kutafuta chanzo. Huenda ni uvimbe tu. Huenda ni saratani.

Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma mwaka wa 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Nauli ya Mbale au Kampala haikufutwa, na siku bila biashara hula mtaji.

Basi anayeandika rufaa apige simu kwanza, aandike tarehe na gharama. Nawe mama, barua hiyo usiifiche kibindoni. Ugonjwa haungoji siku ya soko.