Nani Aliwaambia Kahawa Ni ya Wazungu?

Wiki iliyopita niliposti video ya sekunde 40. Niko Ngong Hills, upepo unataka kuhama na kofia yangu, nimekaa kwa jiwe napampu kahawa na kimashine cha mkono. Hakuna muziki, hakuna maneno. Nikalala na amani. Kuamka, komenti mia mbili na kitu, na karibu zote zinaimba wimbo mmoja. "Umzungu utakuua." "Si ubebe tu chai kwa flaski kama binadamu." "Huyu aliacha chuo ndio awe barista wa mbuzi."

Hiyo ya mbuzi ilinichekesha, nakubali. Hizo zingine wacha tuongee.

Kwanza niwaonyeshe hii kitu ni nini, maana kuna msee aliuliza kama ni pampu ya baiskeli. Inaitwa Nanopresso. Ina uzito wa gramu 336, inaingia kwa mfuko wa jaketi. Unaweka gramu 8 za kahawa iliyosagwa upande mmoja, mililita 80 za maji moto upande mwingine, unafunga, unapindua, unaanza kufinya. Haina waya, haina betri. Ile presha ya espresso, karibu bar 9, inatoka kwa mkono wako.

Na si rahisi vile inakaa kwa video. Mara yangu ya kwanza nilipata maji ya rangi ya kutu, juu nilikuwa nimesaga kahawa kama unga wa uji wa mtoto mkubwa, chenga chenga. Nikasaga laini zaidi, ikakwama kabisa, nikafinya hadi kiganja kikauma. Ukitaka ushauri wangu wa bure, nunua kinu kizuri cha mkono kabla hata ya mashine. Kitu ya pili ni maji. Nairobi tuko juu, maji huchemka kwa digrii kama 94, si ile 100 tulikariri shule ya msingi, na hadi ufike kilimani flaski imeshapoteza digrii zingine. Kwa hivyo maji ya kwanza napitisha bila kahawa, ili mashine ipate joto, halafu ndio naanza kazi. Moto siwashi. Nyasi ya Ngong ikiwa kavu hutaki kuwa yule mtu.

Sasa, umzungu.

Nenda Mombasa, Mji wa Kale, jioni jua likishatulia. Utampata muuza kahawa na dele lake la shaba, makaa yanawaka chini, vikombe vidogo mkononi. Kahawa chungu, ina tangawizi, wazee wamekaa barazani wanapiga stori. Hiyo ni nini kama si mashine ya kahawa ya kubeba? Mtu anatembea na moto wake, maji yake na vikombe vyake, anakuuzia kahawa nje, hewani. Wapwani walikuwa wanakunywa hivyo kabla reli haijafika Nairobi. Hakuna mtu huwaandikia komenti.

Mtasema hao ni Waswahili wa pwani, sisi wa bara ni watu wa chai. Sawa. Huku mlimani mmea wenyewe ulikuja na wamishenari Wafaransa, wakaupanda Bura, Taita, mwaka wa 1893. Hapo mko na pointi. Lakini ulizeni kilifuata nini. Walowezi walichukua ardhi, wakapanda kahawa, halafu Mwafrika akazuiwa kupanda ya kwake. Ni miaka ya 1930 ndipo wachache waliruhusiwa, kule Kisii, Meru na Embu, na kwa masharti. Murang'a na Nyeri wakulima wengi walingoja mpaka mpango wa Swynnerton wa 1954. Kwa hivyo buda, ukiniandikia ati kahawa si ya watu kama mimi, ujue hiyo komenti yako wakati mmoja ilikuwa sheria ya mkoloni.

Guka yangu alipanda miche ya SL28 miaka ya sitini, Murang'a, kwa mteremko ambao hata mbuzi hushuka ikifikiria. Baridi kali ilipoua kahawa ya Brazil mwaka wa 1975, bei ya dunia ikapanda, na hiyo kahawa ya guka ikamsomesha baba yangu hadi mwisho. Hiyo hadithi nimeikula tangu nizaliwe, na kila saa inakuja na swali juu yake: na wewe je? Zamu yangu ilipofika, ile miti ilikuwa bado imesimama. Malipo ndiyo hayakuwa yanasimama mahali. Msimu unauza, mwaka unaisha, pesa bado "zinashughulikiwa". Mwaka wa pili nilikuwa na deni la karo na barua ya kuzuiwa mtihani, nikatoka. Sisemi ni kahawa peke yake ilinitoa chuo. Mihadhara pia ilikuwa imenichosha, wacha niseme ukweli. Lakini ilichangia.

Disemba nilipanda matatu nikaenda kwa shosho na hii mashine. Shosho amechuma kahawa zaidi ya miaka 50. Anajua tunda limeiva kwa kuligusa tu. Na kwa jikoni yake kuna majani chai, na kopo moja la kahawa ya unga ya wageni, kifuniko kimeshika kutu. Kahawa ya miti yake hajawahi kuionja ikiwa imekaangwa vizuri. Hata mara moja! Anapeleka matunda kiwandani, yanakobolewa, yanaoshwa, yanaanikwa, yanaenda kinuni, mnadani Nairobi, melini. Chenye hurudi ni risiti.

Nilikuwa nimenunua pakiti ya gramu 250, shilingi 850, imeandikwa Murang'a kwa herufi nzuri na picha ya mlima. Shosho akaishika, akaigeuza, akauliza bei. Nilitaka kudanganya. Nikamwambia.

"Na hii inatoka kwa kilo ngapi za matunda, baba?"

"Karibu mbili, shosho."

Msimu huo walikuwa wamelipwa shilingi 90 kwa kilo. Hakuhitaji kalkuleta. Alinyamaza kidogo, akanirudishia pakiti, akasema, "Basi tengeneza tuone."

Nikampeleka chini shambani, tukakaa katikati ya mistari, nikapampu. Akachukua kikombe, akanusa kwanza vile huwa ananusa maziwa akishuku yamelala. Akakunywa. Akakunja uso wote. "Ni kali." Akaitisha sukari, nikapanda ile mlima kuileta, akaweka vijiko vitatu, akamaliza. Halafu akanipa kikombe kitupu bila kusema kitu, na kwetu hiyo maana yake ni ongeza.

Hiyo ndiyo video nilifaa kuposti, lakini shosho hataki kamera.

Na nyinyi wa upande wangu, wale wa kupiga picha kikombe kwa kafe ya shilingi 300 halafu mnatuambia "ina ladha ya beri" na "hii ni AA", nyinyi pia nina kesi na nyinyi. AA ni saizi ya punje. Ni chekecheke tu. Lini mlituambia imetoka kiwanda gani, na mkulima alilipwa lini?

Kuna mwenye ataniambia shosho hawezi nunua mashine ya elfu tano mia tano. Ni kweli, hata mimi niliipata mtumba. Yeye niliachia ile pakiti, na siku hizi anachemsha kwa sufuria na kuchuja na chujio la chai, anaweka maziwa mpaka kahawa inasahau jina lake. Anakunywa kwa mlango, nje, majirani wakiona. Mimi kwangu, pakiti moja inanipa vikombe 31, shilingi 27 kila kimoja. Piga hesabu na ile chai yako ya kibanda uone kama mimi ndiye bishoo hapa.

Jumamosi niko geti ya Ngong saa mbili asubuhi. Wewe wa mbuzi, wewe wa flaski, njooni. Kila mtu abebe kikombe chake. Sukari sibebi, na kinu mtasaga kwa zamu.