NGUVU YA MAKANISA IMETOKA WAPI?

Wako wanachama wetu wanaodhani kwamba makanisa ya Bara husikilizwa na Serikali kwa wingi wa waumini wao tu. Sisi hatuoni hivyo. Mwenye kutaka kuijua asili ya jambo hili na aitazame Ushirombo, katika nchi ya Wasumbwa, ambayo leo imo Mkoa wa Geita. Mapadre Weupe walifika huko mwaka 1891, wakakusanya mayatima na watoto waliokombolewa utumwani, wakawalisha na kuwasomesha. Ndivyo, misheni baada ya misheni, shule na hospitali nyingi zilivyoingia mikononi mwa makanisa.

Mabaraza yalikuja baadaye: la Wakatoliki, TEC, mwaka 1956, na la Waprotestanti, CCT, ambalo mizizi yake ni ya zamani zaidi. Sheria ya Elimu ya 1969 iliwanyang'anya shule. Hawakusahau. Februari 1992 mabaraza yote mawili yalitiliana sahihi na Serikali ya Muungano, nayo ikaahidi kutotaifisha tena na kuwasaidia kutafuta fedha kwa wafadhili. Ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, kuisimamia kazi hiyo.

Tume hii haipigi kelele barabarani. Huhesabu vitanda, wauguzi na walimu, kisha hukaa mezani na Wizara. Na Serikali ambayo hospitali yake teule ya wilaya ni mali ya kanisa itamfungiaje mlango mwenye mali? Jambo likizidi, maaskofu hutoa tamko. Lile la bandari, la Agosti 2023, lilisomwa parokiani nchi nzima. Hata hivyo mikataba ilitiwa sahihi Oktoba, basi asituambie mtu kwamba neno la askofu ni amri.

Hatuwaonei kijicho; aliyemtibu mgonjwa ana haki ya kusema. Linalotukera ni kipimo. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, ikaambiwa imevunja Katiba, na Agosti 1993 ikajitoa. Tunajua kwamba mambo ya nje ni ya Muungano, na kwamba uanachama wa dola si sawa na mapatano ya hospitali. Lakini mwananchi wa visiwani aliyaona yote mawili katika muda wa miezi kumi na minane, na hakuna aliyemweleza.

Tunachodai ni hiki: masharti ya 1992 yaandikwe kuwa sheria, na kila mwenye zahanati, ya msikiti au ya kanisa, apewe hayo hayo.